Kichocheo cha Methanoli Kikigoma, Mshuku Kwanza Mtambo

Kijana mmoja kutoka Kisumu alinijia hapa Nakuru na chupa kumi na nne za unga mweusi wa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, kila moja na kibandiko chake. Miezi saba ya kazi. "Mwalimu, hakuna hata moja inayotoa methanoli." Nikamuuliza amepimaje gesi inayotoka upande wa pili wa mtambo, yaani chombo cha chuma ambamo gesi hukutana na kichocheo. Akanyamaza. Tulipovipima upya, vichocheo kumi na viwili kati ya vile kumi na vinne vilikuwa vizima kabisa.

Ndiyo maana nimeandika haya kwa kufuata dalili, jinsi fundi wa gari anavyosikiliza mlio kabla ya kufungua injini. Kichocheo ni mshukiwa wa mwisho.

Tukumbushane kidogo. Molekuli moja ya kaboni dayoksaidi ikikutana na tatu za hidrojeni hutoa methanoli moja na maji, na joto la kilojuli 49 hivi kwa moli. Pembeni kuna mmenyuko mwingine unaokula kaboni dayoksaidi ileile na kutoa kaboni monoksaidi na maji. Huo haufukuzi joto, bali hulila, kilojuli 41 hivi. Kwa hiyo ukipandisha joto ovyo unamsaidia mwizi. Kichocheo cha kawaida ni shaba, oksaidi ya zinki na alumina (oksaidi ya alumini), na ndicho kilichoiwezesha kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1966 kufanya kazi kwa bar 50 hadi 100 na nyuzi 220 hadi 280. Kabla yake, tangu BASF ya Ujerumani ianze mwaka 1923, ilibidi watu watumie oksaidi za zinki na kromiamu kwa presha ya bar 250 na zaidi. Usipokuwa na kichocheo hiki cha kawaida kwenye rafu yako, huna kipimo cha kujilinganisha nacho. Tengeneza au nunua hicho kwanza.

Mashapo yana rangi isiyofaa

Naitreti za shaba na zinki hudondoshwa pamoja na sodiamu kaboneti (magadi) kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70, pH ikishikiliwa karibu na 6.5 au 7. Mashapo, yaani unga unaotuama chini, huanza yakiwa ya buluu. Endelea kukoroga. Baada ya muda, nusu saa au zaidi, pH hushuka kidogo kisha hupanda, na rangi hugeuka kuwa buluu-kijani. Hapo ndipo fuwele zinazochanganya shaba na zinki ndani ya kaboneti moja zinapojijenga. Ukichuja kabla ya hapo kwa sababu matatu ya mwisho ya Njoro inaondoka, utapata unga unaofanana na mwingine wowote kwa macho, lakini shaba na zinki ndani yake hazijuani.

Yakigeuka kahawia au meusi humo ndani ya bika, ama umemimina magadi kwa pupa pH ikaruka, ama chini ya bika kuna joto kupita kiasi. Haidroksaidi ya shaba imevunjika kuwa oksaidi. Mwaga uanze tena. Na kabla ya kuanza tena, sawazisha kipima pH kwenye joto lile lile utakalolitumia.

Nikisema magadi, sisemi yale ya sokoni. Najua yanashawishi, maana Ziwa Magadi liko kusini mwetu kwenye bonde hili hili na kilo yake ni bei ya mboga. Lakini magadi hayo yamekuja na chumvi ya kawaida na floraidi. Vivyo hivyo, salfeti ya shaba ya duka la dawa za mimea itakupa mashapo mazuri ya kupigia picha, na salfa ambayo hutaiondoa kwa kusuuza. Tumia naitreti za maabara.

Halafu kuna maji. Maji ya visima vya Nakuru yanajulikana kwa floraidi, na mengi yana sodiamu na baikaboneti tele. Ukisuuza mashapo kwa maji hayo unarudisha kile ulichokuwa unakiondoa. Sodiamu iliyobaki huzifanya chembe za shaba zishikamane na kukua, na huvuta mazao kuelekea alkoholi nyingine. Suuza kwa maji yaliyokenekwa mpaka maji yanayotoka yapitishe umeme karibu sawa na yale yanayoingia. Mara tano, mara nane, haidhuru. Kuoka baada ya hapo hakuna miujiza: nyuzi 300 hadi 350, polepole, hewa ikipita.

Joto linaruka wakati wa kuamsha

Kuamsha kichocheo ni kuondoa oksijeni kwenye oksaidi ya shaba kwa hidrojeni ili ibaki shaba tupu. Kazi hiyo hutoa kilojuli 85 hivi kwa kila moli. Gramu moja ya kichocheo yenye asilimia 60 ya oksaidi ya shaba ina milimoli 7.5 za oksaidi, yaani karibu juli 640. Joto hilo lote likikosa pa kwenda, gramu hiyo ingepanda kwa mamia ya nyuzi. Shaba nayo ikizidi nyuzi 300 huanza kuungana chembe kwa chembe, na hakuna njia ya kuirudisha.

Kwa hiyo tumia hidrojeni ya asilimia 5 ndani ya nitrojeni au agoni, pandisha nyuzi moja kwa dakika, na ncha ya kipimajoto iwe ndani ya kitanda cha kichocheo, yaani tabaka la unga lenyewe, si kwenye ukuta wa tanuri. Piga hesabu ya hidrojeni pia. Ukipitisha mililita 50 kwa dakika za mchanganyiko huo, hidrojeni halisi ni 2.5 tu. Hata kichocheo kikiila yote bila kupoteza, kitahitaji zaidi ya saa nzima. Anayeniambia ameamsha gramu moja kwa dakika ishirini kwa mtiririko huo ninamjua hali yake bila kuona data: ana oksaidi bado, na itakuja kuamka yenyewe akishawasha bar 50 za hidrojeni safi.

Stima. Hapa haikosi kupotea katikati ya wiki, na kinachoua kichocheo mara nyingi si giza bali kurudi kwa stima. Kidhibiti cha tanuri kinaamka, kinaona joto limeshuka, kinasukuma kwa nguvu zote na kupitiliza. Kiweke kisijiwashe chenyewe. Vali ya hidrojeni iwe ya aina inayojifunga umeme ukikatika, na ya nitrojeni inayojifungua. Hewa ikiingia kwenye shaba iliyoamshwa itawaka ndani kwa ndani, na asubuhi utakuta unga uliotulia, umepoa, na haufai.

GC haioni methanoli

Hapa ndipo wengi huzika vichocheo vilivyo hai.

Jambo la kwanza ni mashine yenyewe, GC, yaani kromatografu ya gesi, inayotenganisha gesi na kuchora chati ya kila moja. Kigunduzi cha mwali wa moto huona methanoli na methani vizuri, lakini hakioni hidrojeni, maji wala oksaidi za kaboni, isipokuwa umekiwekea kifaa cha kugeuza oksaidi hizo kuwa methani kwanza. Kigunduzi cha upitishaji joto huona vyote, kwa unyonge.

La pili ni bomba. Methanoli inatoka kwenye mtambo ikiwa mvuke, inapita kwenye vali ya kushusha presha, inakutana na kipande cha bomba kilicho wazi chenye urefu wa kidole, inalala hapo. Unaona nukta ndogo kwenye chati leo, kubwa kesho, bila kubadilisha chochote. Funga utepe wa joto kuanzia mlango wa mtambo hadi mlango wa GC, nyuzi 120 hadi 150, na ushike kila kiungo, ikiwemo vali. Mahali ambapo kipimajoto hakijafika ndipo panapopoa.

Ili kujua kama njia nzima inapitisha, ondoa kichocheo uweke mvuke unaoujua. Pitisha nitrojeni ndani ya chupa ya methanoli iliyozama kwenye barafu inayoyeyuka. Kwa nyuzi sifuri mvuke wa methanoli una presha ya kilopaskali 4 hivi. Pwani, hiyo ni asilimia 4 ya gesi. Nakuru, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi ambapo hewa ina kilopaskali 81 tu, ni asilimia 5. GC yako ikisoma 3, tatizo ni bomba, au ni jedwali la usawazishaji ulilolirithi kwa mtu.

La tatu ndilo lililomponza kijana wangu, na linahitaji uvumilivu kidogo. Yeye alikuwa akipoza gesi ili methanoli na maji yadondoke kwenye mtego, kisha anapima gesi kavu iliyobaki. Aliingiza sehemu moja ya kaboni dayoksaidi kwa tatu za hidrojeni: asilimia 25 kwa 75. Sasa chukua kichocheo kizuri kinachogeuza asilimia 20 ya kaboni dayoksaidi yote kuwa methanoli. Kaboni dayoksaidi inabaki 0.8, hidrojeni inabaki 2.4. Methanoli na maji yako kwenye mtego. Gawa: 0.8 kwa 3.2 ni asilimia 25. Gesi inayotoka ina mchanganyiko ule ule wa gesi iliyoingia! GC itaapa kwamba hakuna kilichotokea, na GC haisemi uongo. Kilichobadilika ni wingi, gesi imepungua kwa sehemu moja ya tano, na yeye hakupima wingi.

Dawa yake ni kuingiza gesi isiyoshiriki, nitrojeni au agoni, kiasi kidogo kinachojulikana, asilimia 5 hadi 10. Yenyewe haigeuki. Ikionekana imeongezeka kwenye gesi ya kutoka, ujue gesi nyingine zimepungua, na unapata uwiano wa kusahihisha kila kitu. Tangu siku hiyo sikubali data ya mtu isiyo na nitrojeni ndani.

Kuhusu kile kimiminika kwenye mtego: pima uzito wake, ni ushahidi mzuri kuliko chati. Weka mtego kwenye barafu yenye chumvi, kwa sababu kwa mwinuko wa Nakuru methanoli huchemka kwenye nyuzi 59 hivi badala ya 64.7 na huponyoka kirahisi. Na uandike chupa kwa herufi kubwa SUMU, uifungie. Nchi hii imezika watu wengi waliokunywa pombe iliyotiwa methanoli, mwaka 2014 makumi kwa siku chache, na kitu hiki kina sura ya maji na harufu ya kinywaji.

Hesabu ya kaboni inatoka zaidi ya kilichoingia, au matokeo ni mazuri mno

Kaboni inayoingia lazima itoke. Ikitoka asilimia 97, sawa. Ikitoka 125, usisherehekee.

Hapa kwetu mkosaji wa kawaida ni mwinuko. Ukipima mtiririko kwa mrija wa povu la sabuni ukapata mililita 100 kwa dakika, mtu aliyekariri lita 22.4 kwa moli ataandika milimoli 4.46. Katika Nakuru, kwenye nyuzi 25, ni 3.27. Kisumu, kwa kilopaskali 88 hivi, iko katikati. Povu nalo linaongeza mvuke wa maji, kama asilimia 4 nyingine. Ukichanganya mrija wa povu upande mmoja na kidhibiti mtiririko cha kielektroniki upande wa pili, umechanganya lugha mbili, kwa kuwa kidhibiti husoma mililita za hali sanifu. Tena watengenezaji hawakubaliani hali sanifu ni nyuzi sifuri, 20 au 25. Soma kitabu chake.

Sindano ya gesi ya GC pia hujazwa kwa presha ya hewa ya mahali. Ukisawazisha mashine papa hapa, kosa linajifuta. Ukitumia namba za kiwandani, kila kitu kitasoma pungufu kwa karibu moja ya tano. Kwa upande mwingine, geji ya bar 50 usiihangaikie, tofauti ni chini ya nusu bar.

Matokeo yakizidi kile ambacho msawazo wa mmenyuko, yaani kikomo ambapo kwenda na kurudi vinalingana, unaruhusu kwa joto na presha hiyo, kichocheo hakijavunja sheria za maumbile. Kichocheo huharakisha kufika, hakisogezi mwisho wa safari. Kagua joto halisi ndani ya kitanda, kisha namba za GC. Na ukiwa umekaribia msawazo, huwezi kulinganisha vichocheo viwili hata kidogo: chema na kibovu vyote vitafika pale pale. Ongeza kasi ya gesi mpaka ugeuzaji ushuke chini sana ya kikomo, ndipo tofauti zijitokeze.

Jaribio la bure ambalo watu hulikwepa ni kuendesha mtambo ukiwa mtupu, na kwatzi peke yake, kwenye joto na presha zote utakazozitumia. Chuma cha mtambo nacho kina nikeli na kina tabia zake.

Methani, nta au etha kwenye mazao

Shaba safi haipendi kutengeneza methani. Ukiiona, tafuta chuma au nikeli. Kaboni monoksaidi iliyo kwenye mtungi wa chuma, au inayopita kwenye bomba la chuma lenye joto la wastani, huunda kabonili ya chuma, mvuke unaosafiri kimyakimya na kuja kuvunjika juu ya kichocheo chako. Chuma kikishatua hapo kinaanza kutengeneza methani na nta. Fungua mtambo uangalie pamba ya kwatzi upande wa kuingilia: ikiwa na rangi ya kutu, umempata. Weka chujio cha mkaa amilifu kati ya mtungi na mtambo. Kabonili ya nikeli ni sumu kali mno kwa mtu, kwa hiyo usipitishe kaboni monoksaidi kwenye viungo vyenye nikeli vilivyo vuguvugu bila mahali pa kutolea hewa.

Dimethili etha ni habari nyingine. Methanoli mbili zimenyang'anywa maji na sehemu za asidi kwenye alumina. Punguza alumina, au punguza joto. Kama unataka gesi ya kupikia badala ya methanoli, hapo hata usirekebishe kitu.

Kilianza vizuri, kikafifia

Kushuka kidogo saa za mwanzo ni kawaida ya shaba. Kushuka kusikokoma ni ama chembe zimeungana, ama sumu. Kuna njia ya kutofautisha bila mashine ghali: sumu hula kichocheo kuanzia mlangoni, ilhali joto na mvuke wa maji hukidhuru kote. Ukiwa na vipimajoto viwili vitatu kwenye kitanda, utaona sehemu yenye moto zaidi ikihamia taratibu kuelekea mwisho. Hiyo ni sumu inatembea. Ukimaliza, toa kitanda tabaka kwa tabaka, usikimwage chote kwenye karatasi moja, kisha peleka tabaka la juu na la chini zipimwe salfa na klorini.

Salfa ndiyo yetu hasa. Wengi huku wana ndoto ya kutumia kaboni dayoksaidi ya mvuke wa ardhini, na si ndoto ya mchana: Olkaria imekuwa ikizalisha umeme tangu 1981, na Iceland kampuni ya Carbon Recycling International ilijenga mtambo wa methanoli karibu na kituo cha mvuke cha Svartsengi. Wengine wanatazama gesi ya kinyesi, au ya gugumaji la Ziwa Victoria. Zote hizo zina haidrojeni salfaidi. Fikiria gramu moja ya kichocheo yenye mita 30 za mraba za uso wa shaba, na gesi ya mililita 100 sanifu kwa dakika yenye sehemu 50 za salfaidi kwa milioni. Kwa siku mbili na kitu, salfa iliyopita inatosha kukalia kila atomu ya shaba iliyo juuju. Pua isikudanganye, kwani ikishazoea harufu hiyo haikuambii tena. Pitisha gesi kwenye vipande vya oksaidi ya zinki vyenye joto la nyuzi 350 hivi, au mkaa amilifu ikiwa baridi, na ubadilishe kabla haijajaa.

Klorini ni mbaya zaidi kwa uzito wake, kwa sababu kloraidi ya shaba hutembea na kuzikusanya chembe. Inaingia kupitia nini? Vyombo vilivyooshwa kwa jiki. Mafuta ya kukatia chuma aliyotumia fundi wa jua kali alipokuwa anakuchongea nyuzi za skurubu za mtambo, ambayo mara nyingi huwa na salfa na klorini ndani. Fundi hana kosa, anafanya kazi yake vizuri. Kosa ni letu tusioosha kazi yake kwa asetoni kabla ya kuifunga.

Mapishi mapya hayashindi ya zamani

Huenda hayashindi. Lakini yape haki yake kwanza. Chekecha unga uwe na ukubwa mmoja, maikromita 150 hadi 300, uchanganye na silikoni kabaidi ili joto lisambae. Kisha rudia jaribio kwa kichocheo mara mbili na gesi mara mbili. Jibu likibadilika, unapima kasi ya gesi kupenya, si kasi ya kichocheo. Linganisha ubora wa mazao pale ambapo ugeuzaji ni sawa, maana kila kichocheo kinaonekana kiteuzi, yaani kinatoa zao unalotaka tu, kikiwa hakifanyi kazi.

Pia uliza kama unapima katika uwanja wake. Oksaidi ya indiamu juu ya zirkonia (oksaidi ya zirkoniamu) hufanya vizuri kwenye nyuzi 300 hivi, joto ambalo shaba huchoka. Mchanganyiko wa oksaidi za zinki na zirkonia uliotangazwa China mwaka 2017 ulitoa methanoli asilimia 86 hadi 91 ya mazao kwa bar 50 na nyuzi 315 hadi 320, ukadumu saa 500, na ukastahimili sehemu 50 kwa milioni za salfaidi. Ukiupima kwa nyuzi 230 kwa sababu ndiyo desturi ya shaba, utautupa. Mimi binafsi, kwa gesi zetu za bonde, ningeanzia huko kabla ya kuongeza kipromota (kiongezi cha kukipa kichocheo nguvu) cha kumi kwenye shaba.

Na mwisho wa kila wiki rudisha kichocheo cha kawaida mtamboni. Kisipotoa namba ya wiki iliyopita, data zote za katikati zisubiri.

Zile chupa mbili za kijana wa Kisumu zilizokuwa mbovu kweli, ya tano na ya kumi na moja, tulizipeleka zipimwe. Zilijaa sodiamu. Akafungua daftari lake, akahesabu tarehe kwa kidole, akacheka: siku hizo mbili maji yaliyokenekwa yalikuwa yameisha, akasuuzia ya bomba.